Nyuma Mnasikia?

Daktari ninayemsema hapa hakuwahi kumdunga mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa takwimu, na maumivu aliyonitia hayana dawa katika duka lolote la dawa kuanzia River Road mpaka Hurlingham. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nimeketi kumsifu. Kumsifu nitamsifu, kwa kuwa anastahili, na kwa kuwa mtu ukitaka kumwangusha vizuri sharti kwanza umsimamishe wima. Kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Si pesa, si zawadi, wala si kupigiwa magoti, ingawa magoti nisingeyakataa. Nilitaka aseme neno moja mbele za watu: "Ulikuwepo."

Tuanze na koti lake. Lilikuwa la kahawia, na lilikuwa na mifuko mingi kuliko ghala la Mhindi. Kwa macho yangu nimemwona akitoa humo chaki, kijiko, limau, tasbihi, plasta ya kidonda, na chaja ambayo haikutoshea simu yoyote iliyowahi kutengenezwa chini ya jua. Mwenye koti alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye hatua za haraka. Ukimwona kwa mbali ungeapa kwamba koti ndilo linalokwenda kazini na yeye amepewa lifti.

Alikuwa mtu wa Pwani na Kiswahili chake kilikuwa na tui. Sisi wengine, tuliotoka kule magharibi kwenye miwa na mahindi, tulikuwa tunaongea Kiswahili kikavu cha kutafuna. Yeye akisema "hebu, wanangu" darasa zima lililainika, hata askari jela mmoja aliyekuwa akisoma nasi, mtu wa wajukuu, kifua kama mlango wa gereza lenyewe, aliitikia "naam" kama mtoto wa madrasa.

Chuo chetu kilikuwa orofa ya juu kabisa ya jengo moja la katikati ya jiji, juu ya watu wa kuchapisha kadi za harusi. Lifti ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Wanafunzi wa jioni tulifika pale tukiwa tumebeba mchana mzima mabegani: makarani, mahasla wa vibarua, walinzi, na mimi niliyeshinda nikiuza nyaya, balbu na soketi kwenye duka la vifaa vya umeme River Road. Ukifika juu ya ngazi zile roho iko mkononi, na shahada unaiona mbali kama mlima Elgon siku ya ukungu.

Lakini Daktari alipofundisha, uchovu ulituheshimu. Siku ya kwanza alipanda ngazi zote zile na sufuria ya githeri aliyoinunua kwa mama mmoja wa kibanda. Akaiweka juu ya meza. Harufu ikatutoa machozi, maana wengi wetu tulikuwa hatujala.

"Wanangu, humu maharagwe ni mengi ama mahindi?"

"Mahindi!" tukasema.

Akazamisha kijiko juu juu, akatoa, akatuonyesha. Mahindi matupu. "Basi niandike kwamba humu hamna maharagwe?"

"Si ukoroge kwanza, Daktari," akasema askari jela, kwa uchungu wa mtu mwenye njaa.

"Allah! Huyu keshafaulu mtihani!" Akakoroga, akachota tena, na maharagwe yakaja juu kama watu walioitwa majina. "Maharagwe hulala chini. Usipokoroga utaapa hayapo, kumbe yapo, wewe ndiye hukuyafuata."

Kisha akatugawia tukala. Somo la kuchagua sampuli sikulisahau tena. Hata leo nikiona githeri nahesabu. Na siku hiyo ndipo alipotupa usemi wake mkubwa, ambao nitakuja kumrudishia hapa chini kwa riba: "Kabla hujaniambia umehesabu wangapi, niambie umemsahau nani."

Usemi wake wa pili haukuwa usemi hasa, ulikuwa tabia. Kila baada ya dakika chache aliacha ubao, akatembea mpaka ukuta wa mwisho, akasimama karibu na wale waliochelewa na kuuliza, "Nyuma mnasikia?" Kama mtu mmoja alitikisa kichwa, alirudia somo zima kutoka mwanzo. "Asiposikia wa nyuma," alisema, "sijafundisha. Nimejiongelesha."

Na wema? Alikuwa nao, wacha niseme ukweli ingawa unanikera. Tajiri wangu wa dukani alikuwa na ugonjwa wa kunikumbuka saa ya kufunga: mara hesabu ya balbu, mara mteja wa mwisho, na mimi nikawa nafika darasani wenzangu wanafuta ubao. Daktari hakunigombeza. Jioni moja alishuka mwenyewe mpaka River Road, akaingia dukani na koti lake, akanunua balbu moja aliyoichagua kama mtu anayechagua mchumba, kisha akamwambia tajiri, "Bwana, huyu kijana nakuazima mchana. Jioni nirudishie."

Tajiri alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo niliachiwa mapema. Kama Daktari angekufa wiki ile, ningelia kushinda watoto wake.

Hakufa. Alipata ruzuku.

Kitivo kilikuwa kimetangaza fedha kwa wahadhiri watakaoingiza teknolojia kwenye ufundishaji. Wahadhiri wote waliamka. Watu ambao walikuwa hawajui kuzima simu wakati wa mkutano wakaanza kutembea wakisema "mtandao" na "jukwaa". Daktari naye akaomba, na kwa kuwa alikuwa na akili, alishinda. Atarekodi mihadhara yake yote kwa video. Darasani kutakuwa na projekta. Mahudhurio yatachukuliwa na mtambo: mwanzo wa kipindi mraba wenye madoadoa unatokea ukutani, kila mwanafunzi anaumulika kwa simu yake, na jina linaingia lenyewe. Simu moja, jina moja. Fedha zingetoka mara mbili: nusu ya kuanzia, na nusu ya pili baada ya kamati ya kitivo kuja kuthibitisha kwamba mtambo unafanya kazi. Nusu ya pili, alituambia, ndiyo itakayonunua kompyuta za darasa zima.

Tulishangilia. Mimi nilishangilia zaidi, kwani Daktari alinichagua. "Wewe ni mtu wa nyaya," akasema, akanitilia mkononi ufunguo wa kabati la projekta. "Utakuwa ukiniwashia."

Sasa, mimi siku hizo nilikuwa na simu ya mulika mwizi. Simu imara, ukiidondosha unaiomba sakafu msamaha. Lakini haina kamera, kumulika madoadoa haiwezi. Nikamwambia, mbele ya askari jela, "Daktari, na mimi nitahesabiwa vipi?"

Akanipiga begani. "Wewe usijali, mwanangu. Mwenye ufunguo hakosi kuwepo. Nitakusemea."

Shika neno hilo, msomaji. Nitakusemea.

Wiki mbili za kwanza alikuja, akasimama pembeni ya video yake mwenyewe, akijitazama kwa aibu kama mtu aliyekutana na mkewe wa zamani sokoni. Wiki ya tatu hakuja. Baadaye tukapata habari kwamba jioni zetu sasa anafundisha kule Westlands, kwenye kampasi ya watu wa kuvaa tai, ana kwa ana, na koti, na sufuria. Wao wakapata githeri. Sisi tukapata ukuta.

Na ukuta ule ulikuwa na maajabu. Kamati ilitaka mihadhara yenye mjadala, si ya mtu kuongea peke yake. Basi Daktari, aliyerekodi ndani ya chumba kitupu, kila baada ya muda alisimama na kuuliza, "Kuna swali?" Akanyamaza. Akatikisa kichwa kama anayesikiliza mtu. Halafu akasema, "Swali zuri sana. Hilo tutalirudia mwishoni."

Mara ya kwanza tuliangaliana. Mara ya pili jamaa mmoja akainua mkono, na ule unyamavu ulipofika akauliza, "Daktari, utakuja lini?"

"Swali zuri sana," ukuta ukasema. "Hilo tutalirudia mwishoni."

Darasa likaanguka. Toka siku hiyo ikawa mchezo wetu, tukashindana nani atauliza swali linalokaa vizuri ndani ya unyamavu. "Daktari, Westlands mwala nini?" Swali zuri sana. "Daktari, utanioza binti yako?" Swali zuri sana, hilo tutalirudia mwishoni. Na wale waliokaa mbali, kwa kuwa spika zilikuwa ndogo kama vizibo vya soda, walipiga kelele, "Huku nyuma hatusikii!" Ukuta uliendelea tu. Mwishoni napo hakuna lililorudiwa. Tulicheka sana, tukashuka ngazi tukicheka, na kusema kweli hatukuwa tunajua kitu.

Jioni zote hizo mimi nilifika wa kwanza. Nilifungua kabati, nikachomeka waya, nikafuta vumbi kioo cha projekta kwa shati langu. Ningekosa siku moja, somo lisingekuwepo, na wenzangu wasingepata mraba wa kumulika. Niliwasha mtambo uliowahesabu wote. Mimi nilisimama nyuma yake.

Kamati ilikuja jioni moja, watu watatu wenye harufu ya ofisi, na Daktari akaja nao, koti limepigwa pasi. Nikawasha. Mraba ukatokea, simu zikainuka, majina yakaingia. Mama mmoja wa kamati, miwani yake imefungwa kamba shingoni, alitazama huku na huku na kuuliza swali la mtu anayejua kazi yake.

"Daktari, huu mtambo umewahi kumkosa mtu ambaye yuko darasani?"

Daktari alinitazama. Sisemi aliangalia upande wangu. Alinitazama mimi, macho kwa macho, nikiwa nimeshika waya wa projekta mkononi kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe. Nikatabasamu. Nilijua sasa ndiyo zamu ya kunisemea.

"Hata mmoja," akasema.

Askari jela alikohoa kikohozi kimoja kizito cha gerezani. Hakuna mwingine aliyetoa sauti, na siwalaumu. Kila mtu alikuwa na alama zake za kulinda. Mimi mwenyewe nilijiambia, haya ni maneno ya wageni, nyumbani tutasemezana. Kamati iliridhika, ikala samosa, ikashuka ngazi.

Muhula ulipokwisha nilizuiwa mlangoni kwenye mtihani. Mtambo ulionyesha kwamba sikuwahi kuhudhuria hata kipindi kimoja. Mimi! Mwenye ufunguo! Na kozi ile ilifundishwa mara moja kwa mwaka. Bila hiyo hakuna kuhitimu.

Nikaenda kwake Hurlingham, kwenye zile nyumba za ghorofa zilizo nyuma ya barabara ya Argwings Kodhek. Alinikaribisha kama mwana. Chai ya tangawizi, mahamri, kiti kizuri. Nikamweleza. Akakoroga chai yake mpaka nikaihurumia chai.

"Mwanangu, mtambo wasema hukuwepo."

"Daktari, na mtambo uliwashwa na nani?"

Akarudia kuikoroga.

"Nikisema ulikuwepo," akasema mwishowe, "nitakuwa nimesema mtambo umekosea. Nikisema umekosea, nusu ya pili ya ruzuku haiji. Kompyuta za darasa zima, mwanangu. Nawe u mtu mmoja."

"Lakini uliniambia utanisemea."

"Hebu nielewe."

"Na si ulitufundisha tuulize tumemsahau nani?"

Hapo akasimama. Akafungua mlango, taratibu, kwa adabu zote za Pwani. "Mtambo haudanganyi," akasema, akitazama zulia. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau nikiwa hai na nikifa nitakumbushwa: alinifungia mahamri yaliyobaki kwenye kitambaa cha karatasi. "Mpelekee mkeo."

Sasa lazima nimtaje mke wangu, kwani mwaka ule haukuwa wangu. Mama Imani na mimi tulikuwa na mapatano. Mfuko wetu ulikuwa na uwezo wa kusomesha mtu mmoja kwa wakati mmoja, basi nilianza mimi, na mimi nikihitimu anaingia yeye. Alikuwa akiwatunza watoto wa majirani kwenye chumba kimoja pale kwetu Kawangware, anawafundisha a-e-i-o-u kwa nyimbo alizozitunga mwenyewe, na alichokuwa anataka ni stashahada ya ualimu wa chekechea ili awe mwalimu kamili, asiitwe "yule mama wa kushika watoto". Kulikuwa na darasa la jioni la kozi hiyo. Alikuwa ameshaulizia mpaka rangi ya sare.

Nilirudi nyumbani na mahamri. Akayatazama. Akatoka nje akawamwagia kuku wa jirani, na kuku wakala wakashiba, maana kuku hawana kinyongo.

Nikarudia mwaka. Karo iliyokuwa ya Mama Imani ikalipa kiti changu. Na nilipomaliza, nikavaa joho na kofia, nikapigwa picha nimekenua meno yote niliyopewa na Mungu, darasa lile la jioni la chekechea likawa limefungwa. Imebaki kozi ya mchana peke yake. Mchana Mama Imani ana watoto wa watu. Mpaka leo anaitwa yule mama wa kushika watoto.

Wakati fulani nilitaka kusamehe. Kanisani walihubiri, nikaguswa, nikamwambia, "Mama Imani, tumwachie Mungu."

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho. "Kama ni mwaka wako, samehe," akasema. "Mwaka wangu usiguse."

Sikuugusa. Nililipiza kisasi kichwani, na kichwani mimi ni mtu hatari. Nilimfungia Daktari ndani ya lifti yetu mbovu mara zisizohesabika. Nilimtia kwenye githeri, nikamkoroga. Panya wa dukani nilimpa jina la Daktari, na nilipoweka mtego nilimuuliza kwa upole, "Nyuma mnasikia?" Nilikuwa mchangamfu kila mahali, watu wakanipenda, wakaanza kunialika kushika maikrofoni kwenye harusi na mahafali. Nikawa mshereheshaji wa wikendi, na siku hizi Jumamosi zangu hazina nafasi. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Kila nilipopima sauti, "moja, mbili, moja, mbili," nilikuwa namngoja.

Na mwaka huu akaja mwenyewe, kwa miguu yake, au tuseme kwa simu.

"Mwanangu! Nastaafu. Kitivo chanifanyia tafrija pale Westlands. Nimewaambia mshereheshaji namtaka yule mcheshi wangu wa jioni."

Wangu! Nikaishika simu mbali nisije nikaiuma.

"Daktari," nikasema kwa sauti ya asali, "hata bure nitakuja."

"Waonaje tukiwaonyesha watu kidogo zile video? Mimi ndimi nilikuwa wa kwanza, wajua."

"Najua sana. Na ninayo moja kwenye flashi."

Alhamisi ya tafrija Mama Imani alivaa kitenge chake cha harusi. Hakuuliza ninapanga nini. Alikaa meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusubiri uamuzi wa korti.

Ukumbi ulijaa. Wakuu wa kitivo, wahadhiri, wanafunzi wa zamani, hata mama wa kamati, miwani bado kwenye kamba. Daktari alikaa mbele. Alikuwa amepungua, sasa koti lilikuwa limebaki karibu peke yake. Nikasikia huruma ikinitekenya, nikaikanyaga mguu.

Nikafanya kazi yangu. Niliwachekesha mpaka mhudumu mmoja akamwaga supu. Nilisimulia githeri, wakacheka. Nilisimulia balbu, wakapiga makofi. Nilimpandisha juu, juu zaidi. Kisha nikasema, "Sasa tumwone akiwa kijana," nikawasha projekta. Mkono uliijua kazi.

Akatokea ukutani, na koti la kahawia likiwa bado jipya. Watu wakashangilia. Akaeleza kidogo kuhusu sampuli. Akasimama.

"Kuna swali?"

Nikaleta maikrofoni mdomoni. "Lipo, Daktari. Jioni zote zile nilizokuwashia huu mtambo, mimi nilikuwa wapi?"

Ukutani akatikisa kichwa, akisikiliza. "Swali zuri sana. Hilo tutalirudia mwishoni."

Ukumbi ulilipuka. Walidhani ni mchezo niliouandaa, na kwa hakika ulikuwa umeandaliwa kwa miaka. Watu walipiga meza. Askari jela, aliyekuwa katikati ya ukumbi na mvi zake zote, hakucheka. Daktari naye hakucheka.

Nikazima projekta. Nikangoja kicheko kiishe chenyewe, maana mshereheshaji anajua kungoja. Halafu nikashuka jukwaani, nikatembea mpaka mezani pake, nikapiga magoti kwa heshima kama anavyofanya mtu kwa mwalimu wake, na nikamwekea maikrofoni mbele ya kinywa.

"Daktari," nikasema, "hapa ndipo mwishoni. Kompyuta zilikuja, darasa likazipata, Mungu akubariki. Lakini swali langu bado."

Mkuu wa kitivo akatabasamu tabasamu la kutoelewa. Mama wa kamati akavaa miwani.

Daktari alitazama maikrofoni. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, kama mtu anayetafuta humo, kati ya limau na tasbihi, kitu cha kunipa badala ya jibu. Mkono ukatoka mtupu.

"Ulikuwepo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya pua.

Na kutoka meza ya mwisho karibu na jikoni, ikaja sauti ya mwanamke aliyezoea kusema na watoto arobaini kwa mara moja:

"Huku nyuma hatujasikia, Daktari!"

Watu wakageuka. Mama Imani alikuwa amesimama, mkoba bado ameushika kwa mikono miwili. Daktari hakuwahi kumwona maishani mwake, lakini nadhani alimjua. Akashika meza, akainuka, kwa kuwa yeye ni mtu ambaye asiposikia wa nyuma hajafundisha, na akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya ukuta:

"Alikuwepo. Kila jioni. Mtambo ulimkosa, nami nilijua. Niliulizwa, nikasema hata mmoja."

Mama wa kamati akavua miwani. Kijiko kilianguka mahali fulani.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, uso umejaa tabasamu la kazini. Nikakunja sikio kwa mkono kama mtu mzee. Nikageukia ukumbi, kisha nikamgeukia yeye, nikamsogezea maikrofoni karibu zaidi.

"Samahani, Daktari," nikasema. "Hizi spika. Hebu turudie kutoka mwanzo."

Akarudia. Nikamrudishia tena, akarudia mara ya tatu, machozi yakimshuka kwenye koti, na kule nyuma Mama Imani akaketi polepole na kufungua mkoba, akatoa leso.

Kusema kweli, mimi nilikuwa nimesikia mara ya kwanza.